Kukarabati nyumba ya zamani Dodoma na wilaya za jirani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia kwa miaka mingi kutoka kwa wenye nyumba wa Makole, Chang'ombe, Area C, Kikuyu, na nje ya jiji kule Mpwapwa, Kondoa na Manyoni. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, nyumba nyingi za zamani zimevunjwa kwa haraka, na nyingine zimefunikwa saruji na jipsamu bila mtu kuuliza ugonjwa wake ni nini. Najibu kwa sababu naamini sehemu kubwa ya nyumba hizo ilifaa kuokolewa, na bado zipo zinazofaa. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye lingine.

## Kabla ya kushika nyundo

1. Nyumba ya zamani ni ipi hasa?

Si suala la umri peke yake, ni namna ilivyojengwa. Kwa huku kwetu nakutana na aina nne. Ya kwanza ni nyumba za udongo: tembe zenye paa la udongo, na zile za miti na udongo au tofali mbichi zilizoezekwa bati baadaye. Ya pili ni za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo badala ya saruji, kisha zikapigwa lipu nje tu. Hizi ndizo nyingi mitaani, na wenye nyumba wengi hawajui kwamba ndani ya lipu ile hakuna saruji.

Ya tatu ni nyumba za mawe na tofali zenye kuta nene, za enzi za Wajerumani na Waingereza, zikiwemo zilizofuata reli ya kati. Ya nne ni nyumba za matofali ya saruji zilizojengwa baada ya Dodoma kutangazwa makao makuu mwaka 1973, za watumishi na za mashirika. Hizi zina msingi mzuri mara nyingi, ila zina matatizo yake ya paa (swali la 13) na ya umeme (swali la 17).

Toboa tundu dogo kwenye lipu, mahali pasipoonekana, uone tofali limeshikwa na nini. Jibu la karibu kila swali hapa chini linategemea tundu hilo.

2. Nivunje nijenge upya, au nikarabati?

Angalia vitu vitatu: msingi, unyoofu wa kuta, na paa. Kama viwili kati ya hivyo ni vizima, karabati. Kama msingi umekatika na kuta zimeinama kiasi kwamba timazi linaonyesha sentimita kadhaa kutoka juu hadi chini, basi kuvunja kunaweza kuwa halali.

Wengi huvunja kwa sababu nyingine: nyumba inaonekana ya kizamani, vyumba ni vidogo, jirani amejenga ya kisasa. Kabla hujavunja, ingia ndani saa nane mchana mwezi wa Oktoba, kisha uingie kwenye nyumba mpya ya jirani yenye ukuta wa inchi tano. Ukuta mnene wa zamani huchukua saa nyingi kupata joto, na joto likianza kufika ndani, upepo wa usiku wa Dodoma unakuwa umeshalipoza. Ukuta wa namna hiyo kuujenga leo ni fedha nyingi.

3. Nianzie wapi? Fundi wangu anataka kuanza na vigae vya sakafuni na rangi.

Mwambie asubiri. Maji kwanza, kisha muundo, kisha mifumo, na urembo mwisho. Maji maana yake paa linalovuja, maji ya mvua yanayotuama ukutani, bomba linalovuja chini ya sakafu na karo lililo karibu mno na msingi. Muundo ni msingi, kuta, linta (boriti za juu ya milango na madirisha) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa). Mifumo ni umeme na mabomba, ambayo lazima yapite kabla ya lipu ya mwisho. Vigae na rangi huja wakati hakuna tena mtu wa kupasua ukuta.

Nimeona sebule ya vigae vya bei kubwa ikivunjwa miezi minne baada ya kumalizika, kwa sababu bomba la zamani la chuma lililokuwa chini lilipasuka. Mama mwenye nyumba alikuwa ametumia kiinua mgongo chake. Lile bomba lingebadilishwa kwanza, kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

4. Msimu gani unafaa?

Kuanzia Mei hadi Novemba. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili kwa kawaida, kwa hiyo una miezi saba mikavu. Lakini kama nyumba umeinunua juzi na haikulazimu kuanza leo, kaa nayo kifuku kimoja. Mvua ya kwanza kubwa itakuonyesha wapi panavuja, maji yanaelekea wapi uani na ukuta upi unanyonya. Piga picha, andika tarehe. Kiangazi kikifika utajua cha kufanya kuliko fundi yeyote utakayemleta.

Kiangazi nacho kina adui yake: jua na upepo hukausha zege na lipu kabla hazijashika. Zege limwagiliwe angalau siku 7 na lifunikwe magunia yenye maji au nailoni. Lipu nayo inywe maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Lipu isiyomwagiliwa utaijua kwa nyufa kama wavu wa samaki.

5. Nahitaji kibali kukarabati nyumba yangu mwenyewe?

Kupaka rangi, kubadili koki au kuziba bati linalovuja ni matengenezo ya kawaida. Ukishaongeza chumba, kuhamisha ukuta, kuinua paa, kujenga uzio au kuongeza ghorofa, huo ni ujenzi, na unahitaji kibali cha halmashauri. Kati ya hayo mawili kuna kazi za katikati, kama kubadili paa zima. Nenda halmashauri ukaulize kabla, kwa maandishi kama inawezekana. Alama ya X nyekundu ukutani ni ghali kuliko nauli ya kwenda ofisini.

Kama unageuza nyumba ya kuishi kuwa duka, ofisi au nyumba ya wageni, kuna suala la mabadiliko ya matumizi ya ardhi, ambalo ni tofauti na kibali cha ujenzi. Usifanye moja ukadhani umefanya yote.

6. Hati yangu ni ya zamani, ya CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), ya miaka 33. Niwekeze kwenye nyumba hiyo?

CDA ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakaenda halmashauri ya Dodoma, na ilielekezwa kwamba umiliki wa miaka 33 ubadilishwe uwe wa miaka 99. Kama hati yako bado ni ile ya zamani, shughulikia karatasi kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Hakikisha pia mipaka na ramani ya kiwanja vinalingana na nyumba ilivyo. Nyumba nyingi za zamani ziliongezewa vyumba vya uani ambavyo havimo kwenye mchoro wowote, na utakutana na jambo hilo siku ya kuomba kibali (swali la 5).

## Kuta na msingi

7. Lipu ya chini inabanduka na kuna unga mweupe. Nimepiga lipu mara tatu, inarudi.

Hili ndilo swali linaloongoza Dodoma. Ule unga ni chumvi. Ardhi yetu ni kavu na ina chumvi, na maji ya visima vingi nayo yana chumvi. Ukuta usio na kizuizi cha unyevu hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji yanapofika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na kuganda. Inapoganda inatanuka, na kutanuka huko ndiko kunakosukuma lipu ianguke.

Ukipiga lipu nzito ya saruji juu yake, umefunga mlango wa unyevu kutoka, nao unapanda juu zaidi kutafuta mlango mwingine. Ndiyo maana mara ya kwanza alama ilikuwa kwenye goti, sasa iko kiunoni.

Fanya hivi. Kwanza punguza maji: shusha udongo wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani, maana katika nyumba nyingi za zamani kufagia na kumwaga kifusi kwa miaka kumepandisha uwanja hadi ukazika msingi. Weka mtaro, weka gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa (swali la 14), hamisha bafu la nje linalomwaga maji ukutani. Pili, bandua lipu yote iliyooza na upite nusu mita juu ya alama ya unyevu. Safisha kwa brashi kavu na uzoe unga wote. Usiuoshe kwa maji, utaurudisha ndani. Tatu, acha ukuta uchi ukauke kiangazi kizima. Najua ni vigumu, hasa kama kuna harusi ya binti inakaribia, lakini hatua hii haina njia ya mkato.

Kisha piga lipu ya chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Chokaa inapitisha hewa, na chumvi iliyobaki itatokea taratibu bila kubomoa. Baada ya miaka kadhaa sehemu ya chini inaweza kuhitaji kurudiwa, na hiyo ni kazi ya siku moja. Juu yake paka chokaa au rangi ya maji inayopumua. Rangi ya mafuta hapana.

Kwa ukuta wa tofali ulio imara, fundi makini anaweza kuingiza nailoni nzito ya kuzuia unyevu kwa kukata ukuta vipande vifupi, visivyozidi mita moja, akiruka kimoja na kurudi baadaye. Ni kazi ya polepole. Usimpe mtu anayetaka kukata upande mzima kwa siku moja.

8. Mchanga na maji ya kujengea yana shida gani?

Mchanga wa korongo fulani una chumvi au udongo mwingi. Weka mchanga kwenye chupa yenye maji, tikisa, acha usiku kucha: tope likikaa juu kwa unene unaozidi kama sehemu ya kumi ya mchanga, usiutumie bila kuuosha. Chumvi, onja maji uliyoyaoshea. Na kamwe usitumie maji ya kisima yenye chumvi kwenye zege lenye nondo. Nondo itaota kutu, itavimba na kupasua linta kutoka ndani.

9. Nyufa zipi ni za kuogopa?

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu hazinisumbui. Naziogopa zinazopita kwenye tofali lenyewe, zinazoshuka kama ngazi kutoka pembe ya dirisha, zilizo pana juu kuliko chini, na zile unazoweza kuingiza sarafu. Pana kuliko milimita 5, mwite mhandisi.

Kabla ya kuziba, jua kama ufa unatembea. Weka alama ya penseli mwanzo na mwisho wake, andika tarehe, kisha gandisha kipande chembamba cha kioo juu yake kwa plasta pande zote mbili. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea. Subiri misimu yote miwili, kifuku na kiangazi.

Kama nyumba imekaa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka mapande makubwa kiangazi na kunata viatuni mvua ikinyesha, ufa wako utafunguka na kufunga kila mwaka. Udongo huo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, ukiinua na kushusha nyumba. Kuziba ufa kwa saruji hakusaidii. Kinachosaidia ni kufanya unyevu chini ya nyumba usibadilike sana: sakafu ya zege kuzunguka nyumba yenye upana wa mita moja au zaidi na mteremko wa kwenda nje, maji ya paa yapelekwe mbali, na miti mikubwa isiwe jirani na ukuta. Mwarobaini ni mti mzuri wa kivuli, na karibu kila ua wa Dodoma unao, lakini ukiwa mita mbili kutoka kwenye msingi mizizi yake itanyonya maji upande mmoja tu, na upande huo utazama. Usiukate ghafla nao; udongo utalowa upya na kuinuka. Punguza matawi kwa awamu na upate ushauri.

10. Nyumba ni ya udongo. Nipige lipu ya saruji ili idumu?

Hapana, na hili nalisema nikikumbuka nyumba moja ya Mpwapwa ambayo niliipiga lipu ya saruji mimi mwenyewe nilipokuwa bado kijana kwenye kazi. Ilipendeza kiangazi chote. Mvua ya Januari iliingia kwenye ufa mdogo juu ya dirisha, ikashuka nyuma ya lipu, na maji hayakupata pa kutokea. Machi ukuta wa jikoni ulianguka, lipu ikiwa bado nzima kama ganda la yai. Mzee mwenye nyumba hakunilaumu, akaniuliza tu kwa nini sikumuuliza mkewe alikuwa anausiriba na nini miaka yote ile. Alikuwa anausiriba kwa udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe, kila mwaka kabla ya mvua.

Ukuta wa udongo unataka ngozi inayofanana nao. Udongo na mchanga pamoja na samadi au majani yaliyokatwakatwa ni nzuri ndani. Nje, ambako mvua inapiga, tumia lipu ya chokaa, au udongo uliochanganywa na saruji kidogo sana. Jaribu kwanza eneo la mita moja kwa mita moja na uliache mwezi mzima.

Kinachodumisha nyumba ya udongo kuliko lipu yoyote ni paa linalochomoza vya kutosha, sentimita 60 au zaidi, na msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, refusha paa.

11. Nataka kubomoa ukuta kati ya sebule na chumba ili nipate nafasi.

Panda darini kwanza. Katika nyumba nyingi za zamani hakuna kenchi kamili. Mbao za paa zimelala moja kwa moja juu ya kuta za ndani, kwa hiyo ukuta unaouona kama pazia ndio unaobeba paa. Kama kitu chochote kimeukalia, usiubomoe bila boriti ya zege au ya chuma iliyopimwa na mhandisi, na mirunda ya kushikilia paa wakati wa kazi.

Kwa ukuta wa tofali zilizojengwa kwa udongo, ushauri wangu ni kufungua mlango mpana wa mita moja na nusu badala ya kubomoa wote. Utapata mwanga na hewa, na ukuta utaendelea na kazi yake.

Kumbuka pia kwamba Dodoma iko kwenye tawi la Bonde la Ufa na ardhi hutetemeka mara kwa mara. Kuta za ndani ndizo zinazozuia za nje zisifunguke kama sanduku. Ukiwa unabadili paa, tumia nafasi hiyo kumwaga mkanda wa zege lenye nondo kuzunguka juu ya kuta zote.

## Paa

12. Mchwa wamekula mbao za paa. Ninunue mbao mpya tu?

Ukinunua mbao bila kushughulikia njia yao, umewanunulia chakula. Mchwa wetu wengi wanaishi ardhini na wanapanda kwa vijia vya udongo, ukutani au ndani ya ukuta uliojengwa kwa udongo. Tafuta vijia hivyo, vibomoe, rudi baada ya siku tatu uone vipi vimejengwa upya. Hapo ndipo penye msafara.

Chimba mtaro mwembamba kuzunguka msingi, weka dawa ya mchwa iliyosajiliwa na inayotolewa na mtu mwenye leseni, kisha fukia. Dawa za zamani kama aldrini na dieldrini zimepigwa marufuku kimataifa, kwa hiyo akija mtu na dumu lisilo na lebo akisema "hii ndiyo ile kali ya zamani", mfukuze. Oili chafu ya gari nayo wengi wanaipaka kwenye mbao. Inanuka, inashika moto na inachafua maji yako ya mvua.

Gonga kila mbao kwa nyundo. Inayolia nzito ni nzima. Mbao za zamani za mninga au mvule, hata zikiwa nyeusi kwa moshi, mara nyingi ni bora kuliko paini mbichi ya leo. Kata sehemu iliyoliwa, unganisha mbao mpya yenye dawa, acha iliyobaki. Usiruhusu mbao iguse ardhi popote, hata fremu ya mlango wa uani.

Ukibadili bati, kumbuka geji yenye namba ndogo ndiyo nene: 28 ni nene kuliko 30, na 32 itakunjwa na upepo wa Dodoma. Na usiweke vigae vya zege juu ya mbao zilizotengenezwa kubeba bati. Uzito unaongezeka mara nyingi.

13. Paa langu si bati, ni kitu cha kijivu kizito kama saruji. Ni nini?

Huenda ni asbesto, iliyotumika sana kwenye nyumba za watumishi na majengo ya umma miaka ya nyuma. Nyuzi zake zikivutwa hewani husababisha saratani na ugonjwa wa mapafu unaoweza kujitokeza baada ya miaka 20 au 40. Hatari iko kwenye vumbi.

Kwa hiyo: kama paa ni zima, halijapasuka wala kumomonyoka, liache. Usilikwangue, usilipige brashi ya waya, usilitoboe kwa ajili ya dishi la televisheni, usilikanyage. Kama limevunjika au unataka kuliondoa, iambie NEMC (baraza la taifa la mazingira) na utumie watu wenye vifaa na kibali. Vipande hulowanishwa, huteremshwa vizima, hufungwa kwenye nailoni nzito na kupelekwa panaporuhusiwa. Usivitupe korongoni. Nimeona vimetengenezwa banda la kuku na watoto wanachezea hapo, na iliniuma sana. Bodi bapa za dari za nyumba hizo nazo zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo tahadhari ni ileile.

Kazi hii usimpe kijana wa mtaani kwa kibarua cha siku. Mapafu yake hayana bei ya chini kuliko yako.

14. Gata zina maana gani mji wenye mvua kidogo hivi?

Mvua ni kidogo, lakini inashuka kwa nguvu na kwa siku chache. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 10 kwa hiyo linapokea lita 55,000 kwa mwaka, na ukiondoa inayopotea unabaki na kama 44,000. Bila gata, zote zinaangukia mguuni mwa ukuta na kukuletea swali la 7 na la 9. Ukiwa na gata na tanki, umepata maji matamu yasiyo na chumvi. Ya mvua ya kwanza yaache yapite, yanaosha vumbi. Paa likiwa la asbesto, soma kwanza swali la 13.

## Joto, madirisha na dari

15. Niondoe madirisha ya mbao niweke aluminiamu?

Kama fremu ni ya mninga na haijaoza, irekebishe. Kwangua rangi, badilisha bawaba, ziba kwa mbao ya aina ileile. Dirisha la mbao la bawaba linafunguka lote. La aluminiamu la kuteleza linafunguka nusu tu, na Oktoba utaitamani ile nusu nyingine. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo usizipige msasa zikiwa kavu. Zilowanishe, na watoto wakae kwa bibi siku hizo.

Matundu ya hewa juu ya dirisha usiyazibe kwa sababu ya vumbi. Weka nyavu.

16. Dari ya jipsamu inafaa nyumba ya zamani?

Inafaa kama paa halivuji. Jipsamu ikilowa mara moja imekwisha. Jambo la muhimu kuliko aina ya dari ni hewa juu yake: acha matundu yenye nyavu pande mbili za paa, joto la bati lipate pa kutokea. Dari iliyofungwa vizuri pia inazuia mbu wanaoingia kati ya ukuta na paa.

## Umeme na maji

17. Wayaringi ni ya zamani lakini taa zinawaka. Nibadilishe?

Kama nyaya ni nyekundu na nyeusi na soketi hazina waya wa kijani wa erthi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini), au ganda la waya linakatika ukilikunja, badilisha zote. Nyumba ile ilipigwa kwa ajili ya taa nne na redio. Leo ina friji, pasi na jiko la umeme. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko lipate waya wake mnene peke yake. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) na uitishe ukaguzi wa TANESCO.

Erthi ya Dodoma inahitaji uangalifu. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri, na fimbo fupi iliyochomekwa kiangazi inaweza isifanye kazi kabisa. Dai ipimwe kwa kifaa, mwezi wa Septemba au Oktoba ardhi ikiwa kavu kabisa. Weka pia kifaa kinachokata umeme unapovuja.

18. Maji yanatoka kidogo ingawa shinikizo la mtaani ni zuri.

Mabomba ya chuma ya zamani huziba kwa kutu na kwa chokaa ya maji yetu magumu. Kata kipande kimoja uone. Badilisha yote kwa plastiki, na uyapitishe mahali unapoweza kuyafikia, si chini ya vigae.

## Watu, fedha na hali za pekee

19. Nimlipeje fundi?

Kwa hatua, baada ya kuona. Andikeni karatasi moja: kazi gani, vifaa vya nani, malipo lini, na nani analipa kikiharibika. Bakiza sehemu ya malipo hadi mvua ya kwanza ipite juu ya paa lile. Nyumba ya zamani haikosi jambo lililojificha, kwa hiyo mimi hutenga moja ya tano ya bajeti pembeni na siigusi hadi lipu itakapofunguliwa. Ukimpata fundi anayesema "sijui, ngoja nitoboe nione", mshike huyo.

20. Ni nyumba ya urithi na tuko ndugu sita. Mimi ndiye mwenye fedha.

Kwanza mirathi. Kama mzee amefariki na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, fedha unayoweka inaingia kwenye mali ya wote, hata kama umeilipa peke yako. Kaeni kikao na kaka na dada zako, na shangazi awepo, mwandike nani ametoa nini na kama ni mkopo, zawadi au fungu lake. Tunza risiti. Kama mama bado anaishi humo, aulizwe yeye kabla ya wote. Nimeshuhudia watoto wakivunja jiko la kuni la mama yao na kumwekea la gesi, naye akahamia kupikia chini ya mti nje kwa sababu jipya hakulizoea na hakuna aliyemuuliza.

21. Mimi ni mpangaji. Naweza kukarabati?

Kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba, inayosema kama fedha itakatwa kwenye kodi. Bila karatasi hiyo, ishia kwenye rangi na nyavu za madirisha.

22. Babu alituachia tembe kijijini, bado imesimama. Tuifanyeje?

Msiiezeke bati haraka. Kuta za tembe hazikujengwa kubeba bati linalovutwa na upepo kwenda juu; zilijengwa kukandamizwa na udongo wa paa. Ukiondoa uzito ule na kuweka bati jepesi bila kulifunga kwenye nguzo, dhoruba moja italibeba. Kama lazima iwe bati, simamisha nguzo mpya zinazobeba paa kivyake hadi ardhini, ukuta ubaki ukuta.

Kama mnataka ibaki tembe, badilisheni miti iliyooza mmoja mmoja, kuanzia ile iliyo karibu na mlango ambako maji huingia zaidi. Siribeni paa upya kila Novemba kabla ya kifuku, mkihakikisha lina mteremko kidogo na maji hayatuami. Tembe hufa ikiachwa bila mtu, kwa sababu hakuna wa kuziba tundu la kwanza na moshi wa kufukuza wadudu kwenye miti haupo tena. Awepo wa kulala humo.

Tafuteni wazee wa kijiji wanaojua ni miti gani ilitumika na udongo ulichotwa wapi. Andikeni majina ya miti hiyo kwa Kigogo kama wanavyoyataja, pigeni picha kila hatua, na vijana wawepo wakiwa wamekunja suruali, mikono kwenye udongo. Shimo la udongo la zamani mara nyingi bado lipo, mwendo mfupi kutoka nyumbani, limeota nyasi.